Maharage, Upupu na Ubongo: Historia ya Dawa ya Ugonjwa wa Kutetemeka

Somo hili lilisomwa redioni, na sasa umelishika mkononi. Waweza kulisoma polepole, ukarudia mahali palipo pagumu, na ukamwuliza mwalimu wa darasa neno lisilokuelea. Maneno mageni ni machache, na kila moja nitalieleza zamu yake itakapofika.

Kwanza nataka umkumbuke mtu mmoja. Pengine yuko mtaani kwenu. Ni mzee, amekaa barazani, mkono wake umelala juu ya goti wala haushiki kitu, nao unatetemeka. Kidole gumba na kidole cha shahada vyasuguana kana kwamba vinaviringisha punje. Akiunyosha mkono kushika kikombe, mtetemo hupungua. Akitaka kusimama, mwili humgomea. Hujaribu mara mbili tatu ndipo ainuke. Akianza kutembea huinama mbele na kupiga hatua ndogo ndogo za haraka, kama mtu anayeikimbilia miguu yake mwenyewe isimwache. Uso wake umetulia kama kinyago, hata akifurahi huwezi kujua. Na kama ni mtu wa kuandika, barua yake huanza kwa herufi kubwa, ikaishia kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Watu husema ni uzee tu. Wengine husema amerogwa, na mbuzi wa jamaa huanza kutoka zizini mmoja mmoja kwenda kwa mganga. Lakini huo ni ugonjwa, una jina, na una historia. Historia hiyo ndiyo somo letu la leo.

Jina lake ni ugonjwa wa Parkinson, na limetokana na mtu. James Parkinson alikuwa daktari katika mtaa wa Hoxton, London. Mwaka 1817 alitoa kijitabu juu ya ugonjwa alioutaja kama kupooza kwa kutetemeka. Ndani yake alieleza habari za wagonjwa 6 tu. Tena si wote waliofika mlangoni kwake kutibiwa. Wengine aliwaona njiani, akawatazama wanavyotembea, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Mimi napenda kuikumbuka habari hiyo. Mtu yule hakuwa na mashine ya kupigia picha za ndani ya mwili. Alikuwa na macho, naye aliyatumia vizuri hata maelezo yake yakaendelea kuwafaa madaktari miaka 200 baadaye. Dawa hakuwa nayo, na chanzo cha ugonjwa alikikosea, maana alidhani kiko shingoni.

Zaidi ya miaka 40 ilipita, habari ikavuka bahari mpaka Ufaransa. Katika hospitali kubwa ya Salpêtrière, mjini Paris, alikuwako daktari mashuhuri, Jean-Martin Charcot. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la Parkinson, kwa kuwa aliona si kupooza kwa kweli, na wako wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Charcot alikuwa na dawa ya kujaribia, nayo ilitoka katika mimea. Mwanafunzi wake, Leopold Ordenstein, aliandika habari zake mwaka 1867. Dawa yenyewe huitwa hiosiamini. Hupatikana katika mimea ya Ulaya ambayo ni ndugu wa mnanaha wetu. Nawe wajua mnanaha ulivyo: mtu akila mbegu zake hukauka kinywa, hupanuka mboni za macho, huweweseka, na akizidisha hufa. Cha ajabu ni kwamba sumu hiyo hiyo, ikipimwa kidogo sana, ilipunguza mtetemo wa baadhi ya wagonjwa. Haikuwarudishia wepesi wa kutembea, lakini kwa muda wa karibu miaka 100 madaktari hawakuwa na dawa nyingine iliyo bora kuliko hizo za ukoo wa mnanaha.

Je, ugonjwa wenyewe uko wapi mwilini? Mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff, aliyekuwa akisoma udaktari Paris, aliwachunguza wagonjwa waliokufa kwa ugonjwa huu. Sehemu ya chini ya ubongo, karibu na katikati, kuna mahali padogo penye rangi nyeusi, pande zote mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya rangi hiyo huonekana waziwazi. Kwa wagonjwa wa Parkinson, Tretiakoff aliona weusi umefifia, maana chembe zake zilikuwa zimekufa. Hapa nieleze neno moja. Mwili wako umejengwa kwa vijichembe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Ila matofali haya yako hai, hula, hufanya kazi na hufa. Kijichembe kimoja huitwa seli. Basi seli za mahali pale peusi ndizo zinazokufa. Twaweza kupaita mahali hapo kiini cheusi.

Lakini kujua kwamba seli zimekufa si kujua zilikuwa zikifanya kazi gani. Mlinzi wa usiku akifa, utajua kazi yake mwizi akishaingia. Hapa ilipasa watu wajue ni kitu gani seli zile zilikuwa zikitengeneza, na hilo lilichukua miaka 40 mingine.

Tuwaache madaktari kidogo, twende bustanini. Mwaka 1913, mjini Basel katika Uswisi, mkemia aitwaye Marcus Guggenheim alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha dawa cha Hoffmann-La Roche. Alichukua maharage makubwa, yale ambayo Wamisri huyapika na kuyaita ful, yaliyopandwa katika bustani ya bwana mwenye kiwanda. Akayachambua, akatoa humo unga mweupe. Unga huo huitwa levodopa. Tuuite dopa kwa kifupi. Aliwapa sungura, hakuona la maana. Kisha akafanya jambo ambalo wakemia wa zamani walikuwa wakilifanya, wala mimi sikushauri ulifanye: akameza mwenyewe gramu 2.5. Tumbo likamchafuka, akatapika vibaya. Akaandika kwamba kitu hiki hakina nguvu ya maana ya dawa, akaenda zake kwenye kazi nyingine.

Twaweza kumcheka, lakini si haki. Ufunguo hauwezi kuonekana una faida mpaka kufuli lijulikane. Guggenheim alikuwa ameshika ufunguo mwaka 1913. Kufuli hakuna aliyekuwa akilijua.

Na ufunguo huo huo ulikuwa ukining'inia vichakani mwetu. Mwaka 1937, wakemia wawili wa Madras nchini India, Damodaran na Ramaswamy, walitangaza kwamba wameipata dopa katika mbegu za mmea mwingine. Mmea huo ni upupu. Ndiyo, upupu huu huu unaotuwasha, ambao watoto wa shule humwagia wenzao kwa ubaya. Manyoya yaliyo juu ya ganda ndiyo yanayowasha. Mbegu zilizo ndani hazina muwasho huo, na dopa iliyomo ni nyingi kuliko ile ya maharage ya Guggenheim. Mara nyingi katika gramu 100 za mbegu hupatikana gramu 4 mpaka 6. Waganga wa jadi wa India walikuwa wakizitumia mbegu hizo tangu kale, na vitabu vyao vya zamani vyataja ugonjwa wa kutetemeka. Hata hivyo wao pia hawakujua ndani ya ubongo kunapungua nini.

Mlango ulifunguliwa na mmea wa tatu, nao uliufungua kwa njia ya kinyume: wenyewe ulileta ugonjwa. India kuna kichaka kiitwacho sarpagandha, ambacho mizizi yake ilitumiwa kutuliza watu wenye wazimu na wasiopata usingizi. Mwaka 1952 wakemia wa Basel walitoa humo dawa iitwayo reserpini. Ikaenea hospitalini upesi, kwa ajili ya wenye wazimu na wenye kupanda kwa damu. Lakini baada ya muda madaktari wakaona ajabu. Baadhi ya wagonjwa waliopewa reserpini walianza kukakamaa, kutembea kwa hatua ndogo, na kutetemeka. Walifanana kabisa na wagonjwa wa Parkinson. Dawa ilipoachwa, hali ile ikaondoka.

Huko Lund, nchini Sweden, Daktari Arvid Carlsson na wenzake waliichukua habari hiyo wakaitia katika majaribio. Mwaka 1957 waliwapa sungura reserpini. Sungura wakalala kimya, masikio yameanguka, hawasogei hata wakiguswa. Kisha wakawapiga sindano ya dopa, ile ile ya maharage. Baada ya robo saa hivi sungura wakainua masikio, wakasimama, wakaanza kutembea. Mwaka uliofuata Carlsson alionyesha kwamba ndani ya ubongo mna kitu kiitwacho dopamini, na kwamba reserpini hukiondoa. Dopa ikiingia mwilini hugeuka kuwa dopamini. Dopamini ndiyo tarishi inayobeba amri kutoka seli moja hadi nyingine, hasa amri ya kuanzisha mwendo. Mwaka 2000 Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Alikuwa amengoja miaka 43.

Sasa ilibaki kuuliza: je, binadamu mwenye ugonjwa wa Parkinson naye amepungukiwa dopamini? Jibu lilitoka Vienna, nchini Austria. Oleh Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer walipima ubongo wa wagonjwa waliokufa, wakaulinganisha na ubongo wa watu waliokufa kwa sababu nyingine. Mwaka 1960 walitangaza waliyoyaona. Katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, dopamini ilikuwa imepungua mno. Basi ikajulikana kazi ya seli za kiini cheusi: zilikuwa zikitengeneza dopamini na kuipeleka mbele.

Huenda ukauliza, kwa nini mgonjwa asipewe dopamini yenyewe? Swali zuri. Ubongo una bawabu wake. Mishipa ya damu inayoingia ubongoni haipitishi kila kitu kilicho katika damu, huchagua. Dopamini ikifika mlangoni hurudishwa. Dopa hukubaliwa, huingia, na ikishakuwa ndani hugeuzwa dopamini. Kwa hiyo kile kitu cha maharage kilikuwa na cheti cha kuingilia, na mwenzake hana.

Mwezi wa Julai 1961, Daktari Walther Birkmayer wa Vienna, kwa kuombwa na Hornykiewicz, aliwapiga wagonjwa wake sindano ya dopa. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kuketi wenyewe waliketi. Waliokaa wakashindwa kusimama walisimama. Waliosimama wakashindwa kwenda walitembea. Fikiri wewe uwe umemlisha mama yako kwa kijiko miaka 3, halafu umwone anavuka chumba. Lakini baada ya saa chache nguvu ya sindano ilikwisha, na kila mtu akarudi alipokuwa.

Madaktari wengine walijaribu, wakapata matokeo haba, wengi wakakata tamaa. Walitoa kidogo mno, ama walitoa kwa ghafla na wagonjwa wakatapika kama alivyotapika Guggenheim. Mtu aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa Mgiriki aliyehamia Marekani, George Cotzias, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York. Yeye alianza kwa kipimo kidogo sana, akaongeza polepole siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, mpaka mwili ukazoea. Mwishowe wagonjwa wake walimeza gramu nyingi kwa siku, wengine mpaka 16. Habari za wagonjwa 16 wa kwanza alizitoa mwaka 1967, na nusu yao walikuwa wamepata nafuu iliyo dhahiri. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo iuzwe. Miaka michache baadaye ilichanganywa na dawa ya pili, kabidopa, inayozuia dopa isigeuke dopamini kabla haijafika ubongoni. Kwa kufanya hivyo kipimo kikashuka sana, na kutapika kukapungua.

Tangu Guggenheim mpaka Cotzias ni miaka 54.

Nilisema mwanzoni mwa somo kwamba wagonjwa wengine huambiwa ni uzee tu. Sasa nisije nikakudanganya kwa upande wa pili, kwamba dawa hii huponya. Haiponyi. Hebu fikiri kisima cha kijiji kimekauka, na serikali inaleta maji kwa gari kila siku. Watu watakunywa, watapika, watafua. Lakini kisima ni kikavu bado, na kadiri siku zinavyopita kinazidi kufukiwa. Dopa ni gari la maji. Seli za kiini cheusi zinaendelea kufa hata mgonjwa akimeza vidonge vyake sawasawa. Baada ya miaka kadhaa wengi huona kidonge kimoja hakifiki tena mpaka saa ya kidonge cha pili. Mtu yuko katikati ya njia, akakwama kama gari lililokwisha petroli. Wengine mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe bila wao kutaka. Hapo daktari hubadili vipimo na saa, akitafuta njia nyembamba kati ya kukakamaa na kujinyonganyonga.

Kabla hatujaendelea, lazima nirudi kwenye upupu, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye tayari anafikiri kwenda kichakani. Ngoja kwanza, usikie habari ya kaskazini ya Msumbiji. Mwaka 1989 huko kulikuwa na vita na njaa, na watu walikula mbegu za upupu kwa kukosa chakula kingine. Kwa kawaida wanaozila huzichemsha mara nyingi, wakimwaga maji kila mara, na dopa hutoka na maji. Mwaka ule maji yalikuwa adimu. Watu wapatao 200 walirukwa na akili, wakachukuliwa hospitali. Kitu kilichomwinua mgonjwa wa Vienna kiliwatia wazimu watu wenye njaa, maana wao hawakupungukiwa na dopamini.

Kwa upande mwingine, madaktari hawakuutupa upupu. Nchini Bolivia, ambako vidonge ni ghali kwa maskini, wagonjwa 18 walijaribiwa unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, ukilinganishwa na vidonge vya hospitali, na habari zake zilichapishwa mwaka 2017. Kwa saa chache za kipimo kimoja unga ulifanya kazi sawa na vidonge. Jaribio la pili, la wagonjwa 14 kwa muda wa wiki 16, lilitoka mwaka 2018. Safari hii nusu ya wagonjwa waliacha unga kabla ya muda, wengine kwa kuchafukwa na tumbo, wengine kwa kuona mwendo wao umezorota. Walioweza kuuvumilia waliendelea vizuri. Mambo yote hayo yalifanywa mbele ya daktari, kwa mizani, na dopa iliyomo ikipimwa. Mbegu za kichaka hiki na za kichaka kile hazilingani nguvu.

Haya, turudi kwenye kisima. Je, hakiwezi kuchimbwa upya? Hapa ndipo historia yetu inapoingia sehemu yake ya pili.

Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba ubongo wa mtu mzima hauzai seli mpya. Ngozi ikikwaruzwa huota tena; mfupa ukivunjika huunga; lakini seli ya ubongo ikifa imekufa, na pengo lake halizibwi. Ndivyo walivyoamini wakubwa wote wa elimu hiyo. Katika miaka ya 1960 mtu mmoja aitwaye Joseph Altman, akifanya kazi Massachusetts, Marekani, aliwatia panya alama inayoingia katika seli zinazozaliwa tu. Alikuta alama ile ndani ya ubongo wa panya wazima. Maana yake ni kwamba seli mpya zilikuwa zimezaliwa humo. Akaandika, akaonyesha picha, lakini watu wakapita kama hawakumsikia. Ilikuwa mpaka mwaka 1992, Brent Reynolds na Samuel Weiss wa Calgary, Kanada, walipotoa katika ubongo wa panya mzima seli ambazo, zikilishwa vizuri katika kisahani cha kioo, ziligawanyika na kuzaa seli za ubongo za namna mbalimbali. Seli kama hizo huitwa seli shina, kwa kuwa ni kama shina la mgomba: ukikata, kandoni yake huchipua machipukizi. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba hata ubongo wa binadamu mzima una mahali penye seli mpya, ingawa wataalamu wamebishana sana juu ya wingi wake.

Mara watu wakauliza: je, hakuna mmea wa kuziamsha seli shina hizo? Wakajaribu mimea mingi. Nitataja mmoja tu, ambao uko jikoni kwako. Manjano ina kitu kiitwacho kukumini, ndicho kinachoipa rangi. Mwaka 2008 wataalamu walionyesha kwamba kukumini kidogo iliongeza seli changa za ubongo wa panya, ila ilipozidi ikaziua. Habari ikatangaa, na wafanya biashara hawakuchelewa kujaza chupa. Lakini kilichomo kisahanini si kilichomo mwilini. Kukumini ikimezwa, ni kidogo sana inayofika katika damu. Mwaka 2012 zilitolewa habari za jaribio juu ya watu 36 wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule wa wazee kupoteza kumbukumbu. Walijaribiwa kwa wiki 24, na hakuna faida iliyoonekana. Pilau yako iendelee kuwa na manjano, ndugu msomaji, lakini usiinunue kwa bei ya dawa.

Wengine hawakungoja ubongo uchipue wenyewe. Walitaka kupandikiza, kama mkulima anavyong'oa miche kitaluni na kuipeleka shambani. Mwaka 1987, Lund tena, mji ule ule wa sungura wa Carlsson, madaktari walipandikiza katika ubongo wa wagonjwa seli za dopamini zilizotoka katika vijusi vya mimba zilizotolewa. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu iliyodumu miaka mingi. Wengine hawakupata kitu. Majaribio mawili ya Marekani, yaliyotoka 2001 na 2003, hayakutoa matokeo yaliyotumainiwa, na wako wagonjwa waliopata kujinyonganyonga kusikokoma. Tena kulikuwa na shida ya asili ya seli zenyewe. Mgonjwa mmoja alihitaji vijusi kadhaa, na watu wengi, wenye dini na wasio nayo, moyo wao haukukubali. Mimi pia naona hilo si jambo la kupita juu juu.

Njia ya kuikwepa shida hiyo iligunduliwa Kyoto, nchini Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka aliweza kuirudisha nyuma seli ya ngozi ya panya, ikawa changa kama ya mimba. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli ya binadamu. Seli iliyorudishwa hivyo yaweza kulelewa iwe seli ya moyo, ya ini, au ya dopamini. Mwezi wa Oktoba 2018, mjini huko huko Kyoto, kundi la Daktari Jun Takahashi lilimpandikizia mgonjwa wa kwanza wa Parkinson seli changa zipatazo milioni 2.4, zilizolelewa kutoka katika seli za mtu mwingine mwenye afya. Wagonjwa wote walikuwa 7. Majibu yalitoka mwaka 2025, baada ya wagonjwa kutazamwa miaka 2. Hakuna aliyepata dhara kubwa, seli zilionekana kutengeneza dopamini, na kati ya wagonjwa 6 waliopimwa mwendo, 4 walikwenda vizuri kuliko awali hata walipokuwa hawajameza dawa. Ni watu wachache, na hakukuwa na kundi la kuwalinganisha nao. Ila ni mara chache sana katika miaka 200 tumeweza kusema hata hayo.

Sasa niondoke Kyoto nirudi kwa yule mzee wa barazani. Kati ya mwaka 2005 na 2006, wataalamu walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wilaya yenye watu zaidi ya 160,000. Waliwauliza watu wanavyotembea, wanavyoandika, kama mikono yao hutetemeka, kisha wakawapima walioshukiwa. Walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu kati yao hakuna daktari aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walikuwa wamekaa na ugonjwa ambao dawa yake ilikuwako duniani kabla baadhi yao hawajaoa.

Dawa ile ya dopa na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ukimpeleka mzee wako hospitali, mweleze daktari mambo haya bila kungoja kuulizwa: mkono hutetemeka ukiwa umetulia au ukiwa kazini, ulianza upande mmoja au pande zote, hatua zake zimekuwaje, na anameza dawa gani nyingine, pamoja na za miti shamba, maana umeona reserpini ilivyofanya. Akianza dawa, vidonge visiachwe kwa ghafla hata akijisikia vizuri, kwa kuwa mwili waweza kukakamaa wote kwa hatari. Waandike saa za kumeza katika daftari. Na kama mzee anajua kuandika, mwambie aandike jina lake mwenyewe kila Jumapili katika daftari hilo hilo, ili daktari aone herufi zinapungua au zinaongezeka.